Mutoto wa Bukavu na Farasi wa Yennenga
Watengenezaji wa filimu wanaojitegemea, na wale waliowafundisha

Mwaka 1999, katika muji wa Ouagadougou, inchi ya Burkina Faso, mutu aliyezaliwa hapa Bukavu alipewa zawadi kubwa kupita zote za sinema ya Afrika. Zawadi ile yaitwa Farasi wa Yennenga, kwa ukumbusho wa binti mufalme wa zamani anayehesabiwa kuwa mama wa Wamosi. Mutu yule ni Mwezé Ngangura, aliyezaliwa mwaka 1950, na filimu yake yaitwa Pièces d'identités, ndiyo kusema «Vitambulisho». Nimewauliza vijana wengi wa seminari kama wanalijua jina lake. Wachache tu walijibu ndiyo. Lakini majina ya wachezaji wa mupira wa Ulaya wanayajua yote, hata ya wale wanaokaa kwenye benchi tangu mwanzo hata mwisho.

Basi tufasirie mambo haya polepole, kwa sababu katika maparokia yetu vijana hutazama filimu kila siku katika telefone zao, na padri ao katekista asiyejua filimu hutoka wapi hana neno la kuwaambia, ila kukataza tu.

Filimu ni kazi ya watu wengi. Kuna anayeandika hadisi, kuna anayeshika kamera, kuna wachezaji, kuna anayekata vipande na kuviunga. Lakini juu yao wote kuna mumoja anayeamua: simama hapa, sema hivi, rudia tena. Wafaransa humuita «réalisateur». Sisi tutasema mutengenezaji. Katika kompani kubwa za Hollywood, mutengenezaji mara nyingi ni mufanyakazi kama wengine. Kompani ikitaka, yachukua filimu yake na kuikata kwa mukasi wake yenyewe. Katika inchi nyingine serikali ndiyo inayoshika mukasi. Mutengenezaji anayejitegemea ni yule anayeshika mukasi mwenyewe, hata kama kamera ni ya kuazima na wachezaji wake ni majirani.

Mutu atasema: Mukongo gani basi anajitegemea, iwapo feza ya filimu zetu hutoka Ulaya karibu yote? Neno hili ni la kweli, nami silifichi. Lakini tusiishie katika mufuko. Tuulize vilevile: nani anaamua kitu gani kionyeshwe, na kwa macho ya nani? Ukiuliza hivi, utaona kwamba hadisi ya sinema katika inchi yetu ni hadisi ya kamera iliyokuwa ikihama, kutoka mukono huu kwenda mukono ule.

Yatupasa kuanza nyumbani mwetu wenyewe. Waliotengeneza filimu nyingi kwa ajili ya Wakongo, mbele ya uhuru, walikuwa wamisionere. Nyuma ya vita ya pili ya dunia walikuwa na mahali patatu pa kazi hiyo: Edisco-Films kule Léopoldville, Luluafilm kule Luluabourg, na Africa-Films upande wetu wa Kivu, ambako Padri Roger De Vloo wa Mapadri Weupe alifanya kazi. Padri Alexandre Van den Heuvel wa Scheut alitoa filimu za kuchorwa juu ya Mboloko, yule swala mudogo wa hadisi mwenyi akili nyingi. Padri Albert Van Haelst, yeye pia wa Scheut, alifanya vichekesho vya Matamata na Pilipili, watu wawili, mumoja munene na mwingine mwembamba, kwa kufuata mufano wa Laurel na Hardy wa Amerika. Wazee wengine wanawakumbuka hata leo na kucheka peke yao.

Mapadri hawa hawakufanya kazi ile kwa kujifurahisha. Papa Pio wa 11 alikuwa ameandika juu ya sinema katika barua Vigilanti Cura, mwaka 1936. Tangu mwaka 1928 kulikuwa na chama cha Wakatoliki wa dunia yote kwa mambo ya sinema, OCIC. Mwaka 1957 Papa Pio wa 12 aliandika Miranda Prorsus, juu ya sinema, radio na televisheni. Eklezya iliona mapema kwamba kitambaa cheupe kinafundisha watu wengi kupita ubao wa masomo.

Lakini tuseme upande wa pili. Katika Kongo ya Wabelgiji Mwafrika hakuweza kuingia katika nyumba ya sinema kama Muzungu. Kwa amri ya mwaka 1945 aliruhusiwa kuona tu filimu zilizochunguzwa kwanza kwa ajili yake. Na wengi wa wale waliotengeneza filimu «kwa Waafrika» walifikiri kwamba Mwafrika ni kama mutoto mbele ya picha: umuonyeshe mambo polepole, usiruke, umalize kwa fundisho. Waingereza walifikiri vilevile. Walikuwa wamefanya jaribio kubwa la filimu za mafundisho kule Vugiri, katika milima ya Usambara ya Tanganyika, tangu mwaka 1935 hata 1937. Huko na huku, Mwafrika alikuwa mbele ya kamera, akicheka, akilima, akinawa mikono. Aliyeamua alikuwa nyuma ya kamera, na huyo hakuwa Mwafrika.

Sasa tutoke kidogo Afrika, kwa sababu mwalimu wa kwanza wa watengenezaji wanaojitegemea yuko Italia. Mwaka 1945, Roma ilipokuwa bado na vidonda vya vita, Roberto Rossellini alitoa Roma città aperta, filimu ambamo padri mumoja, Don Pietro, anauawa kwa sababu aliwasaidia waliopigana na Wajerumani. Mwaka 1948 Vittorio De Sica alitoa Ladri di biciclette, hadisi ya mutu masikini anayeibiwa kinga yake, naye bila kinga hana kazi. Muchezaji mukubwa wa filimu ile, Lamberto Maggiorani, alikuwa mufanyakazi wa kiwanda. Mwaka 1950, mutu wa India, Satyajit Ray, aliiona filimu ile kule London. Akarudi kwao, akatengeneza Pather Panchali kwa taabu nyingi na feza kidogo, ikatoka mwaka 1955. Ona ginsi fundisho lilivyosafiri. Walijifunza hivi: njia ya muji yaweza kuwa chumba cha filimu, na jirani aweza kuwa muchezaji. Filimu yaweza kumufuata mutu masikini bila kumuhubiria. Kiisha, kufika mwaka 1960, kamera zilikuwa nyepesi na mashini za kushika sauti zilibebwa begani. Mutu mumoja ao wawili waliweza kufanya kazi iliyotaka watu makumi.

Kwa Afrika mwalimu aliyependwa na kuchukiwa sana alikuwa Jean Rouch, Mufaransa, injinieri aliyefika Niger wakati wa vita kujenga mabarabara, akabaki kwa kamera. Mwaka 1958 alitoa Moi, un Noir. Vijana wa Niger waliokuwa wakitafuta kazi kule Abidjan wanacheza maisha yao wenyewe, na sauti zao wenyewe zinaeleza picha. Hilo lilikuwa jambo jipya. Lakini Ousmane Sembène wa Senegal, aliyekuwa mubebaji wa mizigo katika bandari ya Marseille mbele ya kuandika vitabu, alimulaumu Rouch uso kwa uso mwaka 1965: aliona kwamba Rouch anawatazama Waafrika kama mutu anavyotazama wadudu. Neno kali. Mimi naona lilikuwa kali kupita haki, lakini halikuwa la bure. Sembène mwenyewe alikwenda kujifunza Moscow, kwa sababu wengi wa watu wake hawakujua kusoma vitabu vyake, akatoa Borom Sarret mwaka 1963 na La Noire de… mwaka 1966.

Jibu zuri zaidi lilitolewa na Oumarou Ganda. Huyu ndiye kijana aliyeonekana katika Moi, un Noir. Alikuwa amepiganishwa na Wafaransa katika vita vya Indochine, akarudi na mikono mitupu. Baadaye alichukua kamera mwenyewe, akatengeneza Cabascabo mwaka 1968 juu ya askari kama yeye. Na mwaka 1972 Farasi wa Yennenga alipotolewa mara ya kwanza kabisa, alipewa Oumarou Ganda. Mutu aliyekuwa mbele ya kamera ya mwingine alikuwa amepita nyuma yake. Farasi huyo ndiye aliyefika kwa Ngangura miaka 27 nyuma.

Turudi sasa kwa mutoto wa Bukavu. Ngangura alisomea kazi ya sinema Ubelgiji, kwa IAD, katika miaka ya 1970. Akarudi Kinshasa akafundisha. Filimu zake za kwanza zilikuwa fupi: moja juu ya muchoraji Chéri Samba, mwaka 1980, nyingine juu ya muji wa Kinshasa, Kin-Kiesse, mwaka 1982. Kiisha mwaka 1987, pamoja na Mubelgiji Benoît Lamy, alitoa La vie est belle. Papa Wemba anacheza Kourou, mwimbaji masikini anayetoka kijijini kutafuta bahati Kinshasa, anakuwa boyi katika nyumba ya tajiri, na anampenda musichana Kabibi ambaye tajiri yule naye anamutaka. Pepe Kallé yumo, muziki umejaa, watu wanacheka tangu mwanzo.

Hapa ndipo Ngangura alitengana na wengi. Watengenezaji wa Afrika wa siku zile, wanafunzi wa Sembène, walitaka filimu iwe silaha. Ngangura aliandika wazi kwamba filimu isiyotazamwa na watu wake haiwapiganii, na kwamba mutengenezaji Mwafrika asione haya kufurahisha. Mtazamaji aliyelipa kiingilio ana haki ya kucheka. Kwa maoni yangu kicheko chake kina undugu na kile cha Matamata na Pilipili, lakini kimegeuka. Katika vichekesho vya misioni tulimucheka Mwafrika asiyejua mambo. Katika La vie est belle masikini na boyi wanamucheka bwana mukubwa. Nina neno moja tu la kulaumu: filimu ile ilipigwa chini ya Mobutu, na siasa haisikiki ndani yake hata kidogo. Pengine ndiyo bei aliyolipa. Anayejitegemea hajitegemei katika yote.

Katika Pièces d'identités, ya mwaka 1998, kicheko kina uchungu zaidi. Mani Kongo, mufalme muzee, anakwenda Ubelgiji kumutafuta binti yake Mwana, aliyemutuma kule kwa masomo akiwa mutoto na ambaye habari zake zimekatika. Muzee anafika na alama za ufalme wake, akifikiri Wabelgiji watamukumbuka, kwa sababu zamani walimupokea kwa heshima. Hakuna anayemukumbuka. Feza yake inakwisha, na zile alama takatifu za wazee wake zinaangukia katika mikono ya muuza vitu vya kale. Jina la filimu ni swali: kitambulisho cha mutu ni karatasi ya polisi, ao ni kofia ya baba zake, ao ni mutoto wake anayemuita baba?

Kwa sisi wa hapa, ninaipenda zaidi filimu yake nyingine, isiyo na sifa nyingi: Le Roi, la vache et le bananier, ya mwaka 1994. Ni filimu ya mambo ya kweli. Ngangura anarudi kwao Ngweshe, katika Bushi, nyuma ya miaka mingi, naye anaeleza Mwami, ngombe na mugomba, vitu vitatu ambavyo juu yavyo maisha ya Washi yalisimama. Huko Mwezé si mugeni mwenyi kamera. Ni mutoto aliyechelewa kurudi, na wazee wanamusemesha hivyo. Muhubiri anayetaka kujua ginsi ya kusema na wazee wa Walungu atapata faida kuitazama.

Nyuma yake kizazi kingine kilifika, bila filimu ya celluloïde, na kamera ndogo za numerike. Mukubwa wao kwa upande wetu wa mashariki ni Dieudo Hamadi, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1984, aliyeanza masomo ya unganga na kuyaacha. Aliingia kazini kwa njia ya mafundisho mafupi ya filimu, na mwaka 2010 alikuwa mumoja wa vijana waliotengeneza Congo in Four Acts, chini ya Djo Munga, yule aliyetoa Viva Riva! mwaka huo huo. Hamadi hufanya kinyume cha Ngangura. Hachekeshi, haelezi, hana sauti inayofasiria. Anasimama kando na kamera yake, anangoja. Ni njia ya Mumarekani Frederick Wiseman, ambaye tangu mwaka 1967 aliingia katika mahospitali, masomo na matribinali, na kuwaacha watu waonekane wenyewe.

Filimu ambayo kila padri wa Bukavu anapashwa kuiona ni Maman Colonelle, ya mwaka 2017. Yaanza hapa kwetu. Kolonele Honorine Munyole, mujane na mama wa watoto, anaongoza polisi wa kulinda watoto na wanawake waliotendewa jeuri. Anapata barua ya kuhamishwa Kisangani, na wanawake wa Bukavu wanamulilia. Kule Kisangani anawakuta watu waliobaki na vidonda vya vita ya siku sita ya mwezi wa sita mwaka 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya muji ule wa Kongo. Tena anawakuta watoto wanaosingiziwa uchawi, na hapa, ndugu zangu, waombaji wa makanisa hawatoki bila doa. Mama hangoji Wazungu wa misaada. Anawaomba watu wa muji wenyewe wasaidie. Anasema Kiswahili, Lingala na Kifaransa, kama tunavyosema sisi sokoni.

Filimu hiyo ilipata zawadi kubwa ya Cinéma du réel kule Paris. Mbele yake, katika Berlin, ilipewa zawadi ya juri ya ekumene, ambamo Wakatoliki na Waprotestanti huhukumu pamoja. Wakatoliki wa juri ile hutumwa na SIGNIS, chama kilichozaliwa mwaka 2001 OCIC ilipoungana na chama cha radio na televisheni. Ndiyo OCIC ile ile ya mwaka 1928. Mwaka 2020 Hamadi alifuata walemavu wa vita ya Kisangani waliposhuka na mutumbwi mukubwa hata Kinshasa kudai haki yao. Filimu ile, En route pour le milliard, ilikuwa ya kwanza ya Kongo yetu kuchaguliwa rasmi na Cannes. Mwezi wa pili mwaka 2022 Mahakama ya mataifa kule La Haye ilihukumu Uganda ilipe Kongo dolari milioni 325 kwa mambo ya vita ya miaka ile.

Je, mugeni akishika kamera, kazi yake ni bure? Hapana. Mubelgiji Thierry Michel, pamoja na Colette Braeckman, alitoa mwaka 2015 L'Homme qui répare les femmes, juu ya munganga Denis Mukwege na hospitali ya Panzi. Serikali iliikataza mwezi wa tisa mwaka ule, kiisha ikaiachilia mwezi uliofuata. Filimu isiyo na nguvu haikatazwi. Lakini angalia mambo ya Goma. Muholanzi Joris Postema alitoa mwaka 2020 Stop Filming Us, akijiuliza mbele ya watu wa Goma kama yeye Muzungu ana haki ya kuwapiga picha. Bernadette Vivuya na Kagoma Ya Twahirwa, watengenezaji wa pale pale, walichukua picha zile zile na kuongeza zao, wakatoa filimu nyingine mwaka 2022: Stop Filming Us But Listen. Mukasi ulibadili mukono, na hadisi ikabadilika. Katika Goma hiyo Petna Ndaliko amefundisha vijana wengi kazi hii katika Yole!Africa.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 vita iliingia Goma, kiisha, mwezi wa pili, Bukavu. Mwenyi kamera katika siku kama zile hupima mara mbili mbele ya kuitoa mufukoni, na hatumulaumu.

Niliwaonyesha makatekista kumi na wawili Maman Colonelle, katika sale ya parokia, kwa mashini ya kuazima na shuka la kitanda. Sikusema neno kwanza. Ilipokwisha walinyamaza. Kiisha katekista mumoja muzee aliuliza: Yule kijana aliyeshika kamera, watoto wale walipokuwa wakilia, kwa nini hakuiweka chini akawabeba? Mwenzake akamujibu: Angaliiweka chini, wewe ungalijua namna gani kwamba walilia? Mabishano yalianza hapo, na umeme ulipokatika saa tatu ya usiku walikuwa bado wakibishana gizani.